Ukili wa Mkono wa Kushoto

Dunda, Bagamoyo
9 Januari 2024

Mwanangu Adila,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako naipokea kabla hujaituma, marahaba sana. Huku wazima. Mama yako Kuruthumu mzima, ila magoti yanamlia kila akisimama. Paka kazaa tena ndani ya kabati la vyombo, watoto watatu, mmoja hana mkia, sijui kauacha wapi.

Utashangaa, mama mdogo kaandika barua, simu imekufa? Haijafa. Lakini simu ya nyumba hii haina siri. Ukituma ile sauti yako mie sijui kuipunguza, nikibonyeza tu Dija wa jirani keshaingia na bakuli, eti kaja kuomba chumvi. Chumvi gani ya kila siku, anatia nini, ng'ombe mzima? Na simu yenyewe mama yako naye anaishika. Kuna maneno nataka yawe yangu na yako. Darasa la nne niliishia, lakini kuandika naandika, na posta hapo, navuta baibui tu nimefika.

Sasa sikia. Juzi kwenye hitma kwa kina Mahmoud, tumekaa tunakula, shangazi yako Hajra akapaza sauti: "Mtoto wa marehemu kaka yangu huko Ulaya anashughulika na DNA." Wanawake wakaacha kutafuna. Hapa kwetu DNA watu wanaijua kwa kazi moja, mwanamume kakataa mtoto, wanapelekwa kupimwa. Hajra akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Basi akirudi atupime wote, ijulikane nani wa nani." Kisha akanitazama mimi. Anitazame mimi kwa lipi? Mimi nina nini? Mama yako sinia likamtoka mkononi, pilau chini. Kasema mikono ilikuwa na mafuta.

Hebu niambie mwenyewe, mwanangu. Unapima nini? Unampima nani? Na hizo DNA unazipata wapi, za kina nani? Jibu kwa barua, andika jina langu juu, si la mama yako.

Na uvae soksi.

Mama yako mdogo,
Biubwa

*

Aarhus, Denmaki
2 Februari 2024

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, nimecheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza kuna nini. Mwambie shangazi Hajra astarehe, simpimi mtu.

DNA ninayotumia haijatoka kwa mtu wala mnyama. Tunaiagiza kiwandani, inatengenezwa na mashine kwa herufi nne tu, inakuja kama vumbi chini ya kichupa. Kwangu mimi ni uzi. Uzuri wake, kila herufi ina mwenzake inayoshikana naye na haimtaki mwingine. Nikiwa na nyuzi mbili zinazoendana nikaziacha ndani ya maji, zinatafutana zenyewe mpaka zishikane.

Halafu kuna protini, hizo zifikirie kama ushanga. Nafunga uzi kwenye ushanga huu, mwenzake kwenye ule, nikizichanganya zinavutana na kujipanga, zinajenga kijisanduku. Vidogo mno, kwenye upana wa unywele mmoja vinakaa zaidi ya elfu. Tunatumaini siku moja vitabeba dawa. Leo havibebi kitu, vinanitoa machozi tu. Kwa sababu ushanga wenyewe una sehemu nyingi za kunasa uzi. Huu unanasa ubavuni, ule kisogoni, sanduku linatoka limepinda kama lile banda letu la kuku.

Wiki iliyopita nikakumbuka ulivyokuwa ukisuka ukili wa kushonea mikeka pale ukumbini. Wengine wakiunga chane mpya ya ukindu, kichwa chake kinatokeza nyuma. Yako haionekani ilipoingia. Inaingia mahali pamoja tu, kwa upande mmoja tu, na haichomoki. Nilimweleza mwalimu wangu, anataka kuuona.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Nitumie ukili, pima moja tu, urefu wa mikono miwili ikinyooshwa. Usiutie rangi, usiufue, usikate ncha. Na tafadhali sana uwe wa mkono wako mwenyewe, usimpe mtu akusaidie. Sababu nitakueleza baadaye, ni ndefu.

Mbusu mama. Soksi nimevaa mbili mbili.

Mwanao,
Adila

*

Dunda
27 Februari 2024

Mwanangu Adila,

Assalaam alaykum. Nimeelewa yote. Uzi, ushanga, sanduku. Hata Dija nimemweleza, naye kaelewa, kasema basi unatengeneza shanga za kiunoni. Nikamwacha hivyo hivyo, akawatangazie.

Ila kuna pahala pananikwaruza, niseme nisiseme?

Ukili huko Ulaya haupo? Haya, haupo. Lakini kwa nini usifuliwe? Mtu akipelekewa zawadi anataka safi. Na kwa nini lazima wangu? Mwaija wa mtaa wa pili anasuka vizuri kuliko mimi, mikeka yake inauzwa mpaka Dar. Wewe unataka wa mama mdogo, mchafu, na ncha zake. Na sababu ni ndefu, ya baadaye. Mwanangu, mimi na wewe tangu lini tuna mambo ya baadaye?

Nakuuliza kwa sababu Dija alisikia redioni kwamba DNA wanaitoa kwenye mate. Mate tu, mtu kaacha kikombe, wameshamjua ukoo wake wote mpaka babu. Na wewe unajua mimi nasukaje. Ulikaa magotini pangu miaka yote, umeniona. Chane ikikauka naipitisha mdomoni, naibana kwa meno, nailainisha kwa ulimi, ndipo naiingiza. Kila chane. Ukili wa pima moja una mate yangu ya kujaza kikombe cha kahawa.

Sisemi kitu. Nauliza tu.

Hajra kaja tena. Kakaa barazani saa nzima, anaangalia kuta, anaangalia dari, anasema "nyumba ya kaka yangu inataka chokaa." Nyumba ya kaka yake! Abdulwahab, Mungu amrehemu, kafa ana mke na mtoto, nyumba ina wenyewe. Halafu akaniuliza, "Adila kafanana na nani, Biubwa? Kwetu hakuna pua ile." Nikamwambia pua ni ya bibi yetu wa Pangani. Akasema, "Ndiyo nasema, ya kwenu." Mwanamke yule akikusalimia tu ujue kaisha kukupekua.

Ukindu nao mwaka huu mbaya, na mfungo ndio huu unaingia, tutaona.

Mama yako mdogo,
Biubwa

*

Aarhus
11 Machi 2024

Mama mdogo,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Huku saa za kufunga ni kama zenu, ila baridi inaongeza njaa.

Nitajibu moja moja. Usiufue kwa sababu ukilowa ukindu unavimba, maungio yanafunga, sitaona chane ilivyopita. Rangi nayo inaficha njia. Mate hayana shida, hata usiyafikirie. Wako kwa sababu ni wako ninaoujua.

Rafiki yangu Wahida, yule wa Dar tuliyesoma naye, anakuja nyumbani likizo, atapita Bagamoyo mwisho wa mwezi kisha anarudi huku. Nimempa mzigo mdogo wenu. Umpe ukili mkononi, usihangaike na posta.

Mama akiuliza mwambie nampigia Ijumaa.

Adila

*

Dunda
2 Aprili 2024

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Mgeni kafika, kafuturu, kaondoka. Mtandio wako mzuri, mama yako kauvaa tarawehe siku mbili mfululizo, kila mtu auone. Zile pipi nyeusi, usitume tena, Dija katema kwenye maua.

Huyo Wahida mzuri, ana adabu, lakini jicho lake linazunguka. Kakaa mkekani, mara anagusa mkeka, "huu nani kashona?" Mara anagusa kitana cha mama yako dirishani. Nikakichukua nikakitia kifuani. Chai nikampa kila mtu kwenye kikombe, wakimaliza nakichukua nakiosha papo hapo, cha mama yako nikakiosha mara tatu kwa sabuni na maji ya moto. Mama yako anauliza, "Biubwa, leo una nini, kuna kipindupindu?"

Basi mama yako akala tende, akaziacha kokwa kwenye kisahani, na mgeni akanyoosha mkono akusanye vyombo kwa heshima zake. Wallahi sikujua nafanya nini. Niliruka. Nikazipora kokwa zote nne, nikazishika mkononi, mkono unatetemeka. Nikasema nataka kuzipanda. Mtende, Dunda! Wahida akasema "inshallah utaota, mama." Zimekaa chooni sasa.

Ukili nimempa. Pima moja, hauna rangi. Nimeusuka mimi mwenyewe kwa mkono wangu, nimekaa palepale ukumbini, kama ulivyoniagiza. Kama unaona umelainika kidogo ni unyevu wa hewa, masika hayo.

Haya, mwonyeshe mwalimu, kisha mwambie akurudishie, na usiuache ovyo.

Biubwa

*

Aarhus
6 Mei 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Eid iliyopita mniwie radhi sikupiga, nilikuwa kazini siku nzima.

Ukili umefika. Niliuweka chini ya darubini siku ileile. Kisha nikaenda nje nikakaa kwenye ngazi, nikarudi nikautazama tena, labda nimekosea.

Sikukosea. Huu si wako. Umefuliwa, tena kwa sabuni, na si wako. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ni wako.

Hujawahi kunidanganya. Wahida naye kanisimulia aliyoyaona hapo nyumbani, nimeunganisha mwenyewe. Kuna jambo wewe na mama mnanificha, na nadhani nalijua tayari. Sitaki kulisikia kwa shangazi Hajra wala kwa mtu wa njiani. Nakuomba uniambie wewe, kabla sijampigia mama nikamuuliza. Sitakasirika. Mimi ndiye mtoto pekee mliye naye, ni haki yangu kujua.

Nasubiri.

Adila

*

Dunda
28 Mei 2024

Adila mwanangu,

Nimeisoma barua yako chooni, mlango nimeufunga. Leo sina habari ya paka.

Kwanza ukili. Kweli, ni wa Mwaija. Nilimlipa unga wa futari, nikaufua kwa sabuni ya mche na jiki, nikauanika siku mbili. Nikajua nimemaliza. Kumbe hata sabuni haisafishi kitu mbele ya hiyo mashine yako, imesoma tu, imeona mate ya Mwaija si ya ukoo, ikajua kwa nini nimeficha yangu. Basi. Nani atashindana na mashine.

Nakuomba usimpigie mama yako. Nasema yote hapa.

Mama yako Kuruthumu aliolewa na Abdulwahab akiwa na miaka kumi na tisa. Mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane, hakuna mtoto. Mama mkwe wake akaanza kusema mezani kwamba mwanawe ataletewa mwingine mwenye kizazi. Mambo ya Hajra hayo, yeye ndiye alikuwa anapeleka moto. Abdulwahab kazi yake meli za mizigo, anaondoka miezi kumi ndio anarudi, hata hasikii yanayosemwa.

Mimi wakati huo nipo Pangani kwa mama yetu. Nina miaka ishirini. Palikuwa na fundi wa redio, jina lake Ashrafu, ana duka karibu na soko. Tulikuwa na redio nzima kabisa, ila mimi kila wiki naipeleka ikatengenezwe. Utajua mwenyewe. Akasema analeta posa baada ya mfungo. Kabla ya mfungo akaenda Mombasa kununua vifaa. Mpaka leo ananunua.

Mama yetu alipojua nina mimba hakunipiga. Alimwandikia dada yangu. Kuruthumu akaja mbio, wakafunga mlango, wakatoka na shauri. Unajua desturi, mimba ya kwanza mwanamke anarudi kwao kujifungua. Basi Kuruthumu akarudi Bagamoyo akatangaza kwamba ana mimba, Abdulwahab katoka nyumbani mwezi uliopita, hesabu inakubali. Akashona mto wa sufi, akaufunga kiunoni kwa khanga, akauongeza sufi kila mwezi. Mtoto wa watu kabeba mto miezi minne na jua la hapa, anatoka vipele. Siku moja Hajra akampapasa tumbo, akasema, "Mbona mwanao laini hivi?" Kwa hilo moja tu Hajra ana miaka ishirini na saba hajalala vizuri. Mimba ilipofika mwezi wa sita akaletwa Pangani kwa mama kujifungua, kama desturi.

Ulizaliwa alfajiri ya Jumatatu, chumba cha ndani. Nilikunyonyesha siku kumi na moja. Ya kumi na mbili wakanifunga kifua kwa khanga, maziwa yakauke, Kuruthumu akakupakata akapanda gari. Nilisikia gari mpaka lilipopinda.

Ulipotimiza miezi mitatu nikaja Dunda, eti kumsaidia dada kulea. Nikabaki. Niliolewa Kerege, unakumbuka ulikuwa na miaka sita, ukanililia. Nilikaa miezi saba nikarudi, nikawaambia watu mume ananuka samaki. Maskini yule, alikuwa msafi kuliko mimi. Nilishindwa tu kulala nisikokusikia.

Abdulwahab hakujua mpaka anaingia kaburini. Alikupenda kama macho yake, hilo usilitie shaka. Lakini sheria yetu ya mirathi unaijua, mtoto asiye wa damu harithi. Hajra akipata neno hili tu, Kuruthumu anatoka ndani ya nyumba hii na mkeka kwapani, na jina lake linaburutwa kuanzia hapa mpaka Pangani. Ndiyo maana ya kokwa, ndiyo maana ya vikombe. Sikukuogopa wewe. Niliogopa hiyo kazi yako.

Nilimwapia dada yangu kwamba sitosema. Leo nimesema. Nihukumu mimi, yeye muache.

Biubwa

*

Dunda
22 Julai 2024

Adila,

Nimehesabu, siku hamsini na tano leo. Naenda posta mpaka yule dada wa dirishani ananiona barabarani anatikisa kichwa, ananiepusha kupanda ngazi.

Kwenye simu unaongea na mama yako kila Ijumaa, nasikia unacheka. Mimi unaniuliza "mzima?" nasema mzima, unasema "haya."

Nimemwambia Kuruthumu kwamba nimekuandikia. Nisingeweza kuishi naye chumba kwa chumba. Siku tatu chakula ananiwekea mlangoni, anarudi chumbani kwake. Siku ya nne akaingia chumbani kwangu na kitu kimefungwa ndani ya kanga kuukuu, akakitupa kitandani. Ule mto. Nilidhani aliuchoma zamani. Kumbe miaka yote uko chini ya sanduku lake, umegeuka mgumu kama boga. Akasema, "Akija mpe aulalie, ajue nilimbeba na mimi." Kisha akaniuliza nimeweka wapi kitana chake.

Kama umekasirika, kasirika kwa maneno. Mimi nimezoea maneno.

Biubwa

*

Aarhus
19 Agosti 2024

Mama mdogo,

Shikamoo.

Nilidhani una kiharusi.

Ndilo jambo nililodhani nalijua. Wewe unasukia mkono wa kushoto. Kula unakula kwa kulia, kuandika kwa kulia, lakini ukili unaanzia kushoto, chane zinapanda kuelekea kushoto, sijaona mwingine Dunda nzima anayesuka hivyo. Nilipouweka ule chini ya darubini, chane zote zinakwenda kulia. Nikasema mkono wa mama mdogo umekufa, kampa mtu asuke, hawataki kuniambia nisije nikaacha masomo. Wahida akasema mkono wako ulitetemeka na ulipora kokwa za tende kama mtu asiyejijua. Nikawa na uhakika. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia nauli.

Mashine yangu haikusoma mate ya mtu. Darubini hiyo ni ya kutazama maungio tu. Ungetuma ukili wako mchafu na mate yako yote, ningeona chane, basi. Nisingejua kitu mpaka nakufa.

Barua yako ya Mei niliifungua nikiwa kwenye foleni ya chakula. Sikukosa la kukuandikia. Nilikuandikia barua tisa, nikachana. Moja ilikuwa na matusi. Moja ilikuwa na swali moja tu, kuhusu siku ya kumi na mbili, nikaona sina haki ya kukurudisha kwenye chumba kile. Kuna siku nilikukasirikia kwa ajili ya mama, kuna siku nilimkasirikia mama kwa ajili yako. Huyo wa redio sijampa hata siku moja.

Mama hajaniambia na sitamuuliza. Nikija nitaulalia huo mto, atajua. Baba yangu ni Abdulwahab. Shangazi Hajra akiuliza nafanya kazi gani, mwambie nasuka vikapu vidogo. Barua zako zote nimezichoma, isipokuwa ile ya paka. Zangu nawe zichome. Hii pia.

Sanduku limesimama. Niliziba sehemu zote za ule ushanga nikabakiza moja tu ya kushikia uzi, kama unavyofanya wewe, na safari hii halikupinda. Mwalimu akauliza nimejifunza wapi, nikamwambia ukumbini. Akataka nimwonyeshe, nikakata karatasi vipande virefu, nikasuka mbele yake. Nilipofika katikati nikaona mikono yangu inakwenda kushoto. Mimi natumia kulia kwa kila kitu, mama mdogo. Nilijifunza nimekaa magotini pako, nikitazama mikono yako tu.

Karatasi haishiki vizuri. Nitumie ukili, pima moja, wa mkono wako.

Usiufue.

Mwanao,
Adila